Toleo la Kwanza ni Lipi Hasa? Vitabu vya Robert na Elizabeth Browning na Mtego wa Mwaka 1847

Kila baada ya muda habari ya kitabu cha zamani kilichouzwa kwa mamilioni huzunguka katika simu za watu, na haipiti siku moja kabla ya maswali ya aina moja kuanza: nina Biblia ya babu, nina diwani ya Kiingereza yenye mwaka 1857, nina kitabu cha shule kilichoandikwa "chapa ya kwanza", je, nami nimetajirika? Jibu fupi, kwa walio wengi, ni hapana. Jibu refu ndilo lenye manufaa, kwa kuwa linagusa jambo ambalo hata mabingwa wa Uingereza walilikosea kwa takriban miaka 40: mwaka uliochapwa ndani ya kitabu ni dai tu, nalo huhitaji ushahidi kama dai lingine lolote.

Ili kuufumbua mkanganyiko huu nitavitumia vitabu vya wanandoa wawili washairi wa Uingereza wa karne ya 19, Robert Browning (1812–1889) na Elizabeth Barrett Browning (1806–1861). Wapo wanandoa wengine wa fasihi ambao vitabu vyao husakwa kwa bidii, lakini hawa wana jambo ambalo wengine hawana: udanganyifu ambao huenda ndio mashuhuri kuliko wote katika ukusanyaji wa vitabu vya Kiingereza ulijengwa juu ya kisa cha mapenzi yao.

Tuanze na istilahi. Toleo ni nakala zote zinazotokana na mpangilio mmoja wa herufi. Katika zama za akina Browning herufi zilikuwa vipande vidogo vya risasi vilivyopangwa kwa mkono, kimoja baada ya kingine, mpaka ukurasa ukamilike, na maadamu mpangilio huo haujavunjwa na kupangwa upya, kila nakala inayotoka humo ni ya toleo lile lile. Chapa ni fungu la nakala zilizotolewa kwa mkupuo mmoja. Mpiga chapa anaweza kutoa nakala mia tano mwezi wa Januari, akauhifadhi mpangilio wake, kisha akatoa nyingine mwezi wa Juni. Hizo za Juni ni chapa ya pili, ingawa toleo bado ni la kwanza. Mkusanyaji anaposema kwamba anatafuta toleo la kwanza, kwa kawaida anakusudia chapa ya kwanza ya toleo hilo, yaani nakala zilizotangulia kabisa kumfikia msomaji. Na hata ndani ya chapa moja mna tofauti: kosa likigunduliwa na kurekebishwa wakati mashine bado inafanya kazi, nakala zenye kosa na zisizo na kosa zitatoka katika siku moja, na wauzaji watazitenganisha.

Aliyezoea kanga hatapata tabu hapa. Doti ya mzigo wa kwanza na doti iliyochapwa tena miaka kumi baadaye zinaweza kuwa na pindo lile lile, mji ule ule na jina lile lile, lakini mama aliyevaa kanga maisha yake yote atakipapasa kitambaa, atazigeuza rangi upande wa nyuma, na atakwambia ipi ni ipi bila hata kulisoma jina. Mkusanyaji wa vitabu hufanya vivyo hivyo kwa karatasi, wino, herufi na jalada, kwa sababu maneno ndiyo kitu kilicho rahisi kuliko vyote kurudiwa.

Jambo la pili la msingi ni kwamba uadimu peke yake hauna bei. Vipo vitabu vya mahubiri na ripoti za vikao za miaka 200 iliyopita ambavyo vimebaki nakala tatu au nne duniani, na hakuna anayevitaka. Bei huzaliwa pale ambapo nakala chache hukutana na watu wengi wanaozitaka. Mwaka 1820 baba yake Elizabeth aligharimia uchapaji wa nakala 50 za utenzi ambao binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka 14, aliutunga kuhusu vita vya Wagiriki huko Marathon. Laiti mtoto huyo angeishia hapo, vijitabu hivyo vingebaki kumbukumbu ya familia tajiri iliyomdekeza binti yake. Kwa kuwa alikuja kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa karne yake, The Battle of Marathon ni miongoni mwa vitabu vigumu kupatikana kuliko vingi vya zama hizo.

Kwa upande wa Robert, kitabu kinachokaa kileleni ni Pauline cha mwaka 1833. Alikichapisha akiwa na miaka 20, bila jina lake, kwa pauni 30 alizopewa na shangazi yake, na kwa kauli yake mwenyewe hakikuuza hata nakala moja. Nakala moja ilimfikia mwanafalsafa John Stuart Mill, ambaye alijaza pembeni mwa kurasa maoni yasiyo na huruma juu ya mshairi aliyejitazama mno nafsi yake. Mill alikirudisha, Robert akasoma, kisha akaanza kumjibu kwa mkono wake katika kurasa zizo hizo. Nakala hiyo, yenye sauti mbili pembeni, sasa iko katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert jijini London, na hakuna mfano ulio bora zaidi wa kile ambacho wakusanyaji hukiita nakala ya uhusiano: kitabu ambacho thamani yake haitokani na uadimu wa chapa tu bali na mikono iliyokishika. Robert alikionea aibu kitabu hiki kwa miaka mingi, na hakukiri hadharani kuwa ni chake mpaka mwaka 1868 alipokubali, kwa shingo upande, kukiingiza katika mkusanyiko wa kazi zake.

Tazama sasa jinsi ukurasa wa jina la kitabu unavyoweza kumchanganya mtu asiyejua maisha ya mwandishi. An Essay on Mind cha mwaka 1826 hakina jina la Elizabeth kabisa. Tafsiri yake ya tamthilia ya Kigiriki ya mwaka 1833 inasema tu kwamba ni kazi ya mwandishi wa kile cha 1826. Diwani ya Poems ya mwaka 1844, yenye juzuu mbili, imeandikwa Elizabeth Barrett Barrett, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jina alilolitumia kabla ya ndoa. Mtu anayetafuta jina la Browning katika soko la vitabu vya mitumba atavipita vyote hivi bila kuvitambua, na wenye maduka wamewahi kunufaika kwa ujinga wa aina hiyo, kama ambavyo wanunuzi nao wamewahi kunufaika kwa ujinga wa wenye maduka.

Ni diwani hiyo ya 1844 iliyowakutanisha. Robert aliisoma, akamwandikia Elizabeth barua tarehe 10 Januari 1845 akieleza jinsi alivyozipenda beti zake, na tangu hapo barua zikafuatana mpaka zikapita 570. Elizabeth alikuwa mgonjwa, mkubwa kwa Robert kwa miaka sita, na baba yake hakutaka mtoto wake yeyote aoe wala aolewe. Walifunga ndoa kwa siri tarehe 12 Septemba 1846 katika kanisa la St Marylebone, kisha wakahamia Italia, ambako waliishi muda mwingi katika makazi yaliyoitwa Casa Guidi mjini Florence mpaka Elizabeth alipofariki mwaka 1861. Katika kipindi cha uchumba alikuwa akimtungia Robert soneti, yaani mashairi mafupi ya mistari 14, ambazo hakumwonyesha. Zilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1850 katika toleo jipya la Poems la kampuni ya Chapman and Hall, zikiwa zimepewa jina la Sonnets from the Portuguese ili wasomaji wadhani ni tafsiri ya mashairi ya Kireno na wasijue kwamba mke anamzungumzia mumewe.

Hapa ndipo penye fundo la kwanza ambalo wengi hawalioni. Kitabu kinachobeba soneti hizo kwa mara ya kwanza hakina jina lao juu ya jalada. Ni juzuu mbili zinazoitwa Poems tu, nazo soneti zimo ndani ya juzuu ya pili. Kwa upande mwingine, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wachapishaji wa Uingereza na Marekani walitoa vijitabu vingi vidogo na vizuri vya soneti hizo peke yake, vyenye ngozi laini na nakshi za dhahabu, kwa ajili ya zawadi za wachumba. Ndivyo vinavyojaa katika masanduku ya urithi, ndivyo vinavyovutia macho, na ndivyo ambavyo kwa sehemu kubwa havina bei ya kumfanya mtu akose usingizi.

Aurora Leigh, riwaya ya Elizabeth iliyoandikwa kwa ushairi, inatoa fundo la pili. Kilitoka madukani Novemba 1856, lakini ukurasa wa jina unasema 1857, kwa kuwa wachapishaji wa wakati ule walikuwa na desturi ya kuvipa vitabu vya mwisho wa mwaka tarehe ya mwaka unaofuata visije vikaonekana vimezeeka baada ya wiki chache. Kilinunuliwa sana, hivi kwamba matoleo ya pili na ya tatu nayo yana mwaka huo huo wa 1857, na toleo la New York pia. Kwa hiyo mwenye nakala yenye tarakimu hizo bado hajajua ana nini mkononi mpaka atazame mji, mchapishaji, na kama maneno "toleo la pili" yamechapwa mahali popote. Robert naye alipatwa na hali hiyo mwishoni mwa maisha yake: diwani yake ya mwisho, Asolando, ilitoka tarehe 12 Desemba 1889, siku aliyofariki mjini Venice, lakini ndani imeandikwa 1890. Mtu anayedai kwamba nakala yake ni ya kwanza kwa kuwa ina mwaka 1889 anapaswa kutiliwa shaka.

Jalada nalo lina neno lake. Kati ya mwaka 1841 na 1846 Robert alitoa mfululizo wa vijitabu vinane kwa jina la Bells and Pomegranates, vilivyochapwa kwa herufi ndogo katika safu mbili ili karatasi isipotee, na kufungwa kwa karatasi nyepesi ya rangi ya manjano; cha kwanza kiliuzwa peni sita. Wanunuzi wengi waliliondoa lile karatasi la manjano wakavishonea vyote pamoja katika jalada la ngozi, wakiamini kwamba wameviheshimisha. Kwa mkusanyaji wa leo hilo ni pigo, kwa sababu kile kijikaratasi dhaifu ndicho kilichobaki kichache. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu wengi, wakigundua kwamba wana kitabu cha zamani, hukimbilia kukipeleka kwa fundi akibadilishe jalada, akikate kingo na kukitia gundi mpya. Ni afadhali kibaki kilivyo, ndani ya kisanduku, mbali na unyevu na mchwa.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe. Mwaka 1894 mhakiki aliyeheshimika sana, Edmund Gosse, alisimulia kisa cha kuvutia: kwamba asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka 1847, wanandoa hao wakiwa Pisa, Elizabeth alimjia mumewe kwa nyuma, akamsukumizia mfukoni bahasha ya karatasi, akamwambia asome na achane kama hapendi, kisha akakimbilia chumbani kwake. Zilikuwa zile soneti. Kisa kiliendelea kusema kwamba zilitumwa kwa rafiki yake Elizabeth, mwandishi Mary Russell Mitford, ambaye alizichapisha kwa siri katika mji wa Reading kwa ajili ya marafiki wachache. Na kweli, vijitabu vilikuwapo: vyembamba, safi, vyenye maneno Sonnets by E. B. B., mji wa Reading, mwaka 1847, na tangazo kwamba si vya kuchapishwa hadharani. Ikiwa ni hivyo, basi toleo la 1850 halikuwa la kwanza. Wakusanyaji waliokuwa wakijivunia Poems za 1850 waligundua ghafla kwamba wamo nyuma kwa miaka mitatu, na wakaanza kulipa fedha nyingi kuuziba upungufu huo.

Aliyekuwa akivisambaza vijitabu hivyo, pole pole, kimoja kimoja, alikuwa Thomas James Wise. Alizaliwa mwaka 1859, akaanza kama karani katika biashara ya mafuta ya manukato, na akapanda mpaka akawa mamlaka ya juu kabisa katika elimu ya vitabu vya karne ya 19: rais wa Chama cha Bibliografia cha London, mwenye shahada ya heshima ya Oxford, mwandishi wa orodha ambazo kila muuzaji alizitumia kuamua kipi ni toleo la kwanza na kipi sicho. Mwaka 1886 alikuwa amesimamia uchapaji wa nakala ya kuigiza ya Pauline kwa ajili ya Chama cha Browning. Hiyo ilikuwa kazi halali, iliyotangazwa kuwa ni mwigo, na ilichapwa katika kiwanda cha Richard Clay na Wanawe. Inaonekana alijifunza humo jinsi ilivyo rahisi kutengeneza kitabu chenye sura ya zamani.

Werevu wa Wise haukuwa katika kuiga. Anayeiga kitabu adimu hufichuka siku nakala yake itakapowekwa kando ya ile halisi. Wise alibuni matoleo ambayo hayajawahi kuwapo: alichukua shairi lililotoka ndani ya diwani mwaka fulani, akalichapa peke yake katika kijitabu, na kukipa tarehe inayotangulia diwani ile au kulingana nayo. Hakukuwa na nakala halisi ya kulinganishia. Kisha akakiingiza kijitabu hicho katika orodha zake za kitaalamu, akatoa nakala moja kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, na tangu hapo kijitabu kikawa na cheti kilichotolewa na mtu aliyekitengeneza. Miongoni mwa waathirika wake wakubwa alikuwa tajiri wa Chicago, John Henry Wrenn, aliyemwamini kama rafiki na kununua kupitia kwake kwa miaka mingi. Maktaba ya Wrenn ilinunuliwa mwaka 1918 na Chuo Kikuu cha Texas, pamoja na bandia zote zilizokuwamo.

Robert mwenyewe alikaribia kuuharibu mchezo huo. Mwaka 1888 aliulizwa na Wise juu ya kijitabu cha shairi la mkewe The Runaway Slave at Pilgrim's Point, kilichodai kuchapwa London mwaka 1849. Shairi hilo linasemwa kwa kinywa cha mwanamke mtumwa aliyetoroka, na ni la mshairi ambaye utajiri wa ukoo wake ulitoka katika mashamba ya miwa ya Jamaica. Kuchapishwa kwake kwa kwanza kulikuwa Boston, katika kitabu cha mwaka 1848 cha wapinga utumwa kiitwacho The Liberty Bell. Robert alijibu kwamba hajawahi kusikia habari za kijitabu kama hicho na kwamba anahofia ni kitu cha kubuni. Baadaye alilegeza msimamo, kwa kuwa jina la mchapishaji lililoandikwa juu yake lilikuwa la kampuni yenye heshima. Mwaka uliofuata alifariki, na hakuna aliyeuliza tena.

Waliouliza ni vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi katika biashara ya vitabu, John Carter na Graham Pollard, ambao mwaka 1934 walitoa kitabu kilichoitwa kwa upole wa makusudi An Enquiry into the Nature of Certain Nineteenth Century Pamphlets. Walichunguza takriban vijitabu 50 vya waandishi mbalimbali, na kile cha Reading kilikuwa kiini cha kesi. Njia yao inafaa kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu bado ndiyo njia inayotumika.

Kwanza walitafuta historia ya nakala. Kijitabu kilichogawiwa marafiki mwaka 1847 kingetarajiwa kuwa na nakala angalau moja yenye maandishi ya mkono ya Elizabeth, au ya Mitford, au ya rafiki aliyepewa. Kingetajwa katika barua za watu ambao, kama tujuavyo, waliandikiana bila kuchoka. Kingejitokeza katika mnada mmoja au mwingine kabla ya miongo minne kupita. Havikuwa na lolote kati ya hayo. Vyote vilikuwa safi mno, na vyote vilianza kuonekana mwishoni mwa karne.

Pili walipeleka karatasi ichunguzwe kwa hadubini. Karatasi za Uingereza za mwaka 1847 zilitengenezwa kwa matambara ya nguo. Majani ya esparto yalianza kutumika mwaka 1861 kwa sababu matambara hayakutosheleza mahitaji, na mbao zilizolainishwa kwa kemikali zikafuata takriban mwaka 1874. Karatasi ya kijitabu cha Reading ilikuwa na nyuzi za mbao za kemikali. Kwa maneno mengine, kijitabu kilichodai kuwa cha mwaka 1847 kilikuwa kimechapwa juu ya kitu ambacho hakikuwapo mpaka zaidi ya miaka 25 baadaye.

Tatu waliziangalia herufi, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Katika herufi za risasi za zamani, kichwa cha herufi f na mkia wa herufi j vilichomoza nje ya kipande chake na kuegemea kipande cha jirani, na kwa sababu hiyo vilivunjika mara kwa mara. Baadaye watengenezaji wa herufi walibuni umbo jipya ambalo halichomozi, na herufi za namna hiyo hazikutumika kabla ya miaka ya 1880. Kijitabu cha Reading kina f na j zisizochomoza. Zaidi ya hayo kina alama ya kuuliza isiyofanana na herufi nyingine, iliyoingizwa kutoka seti tofauti, na mchanganyiko huo wa pekee ndio uliowawezesha kumtambua mpiga chapa: waliukuta katika nakala ya kuigiza ya shairi la Matthew Arnold, iliyosimamiwa na Wise mwaka 1893 na kuchapwa waziwazi, jina la kiwanda likiwamo, na Richard Clay na Wanawe. Alama moja ya kuuliza ilifanya kazi ambayo wasomi wa nchi nzima hawakuifanya.

Carter na Pollard hawakumwita Wise mghushi. Waliuweka ushahidi mezani na kumwachia msomaji. Wise, ambaye hapo awali alikuwa amesema kwamba vijitabu vya soneti alivipata kwa mtu mmoja aliyekuwa rafiki wa Mitford, sasa alisema vilitoka kwa mwenzake Harry Buxton Forman, aliyekuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1917. Ilikuja kubainika miaka ya 1940 kwamba Forman kweli alikuwa mshirika katika kazi hiyo, kwa hiyo Wise alisema nusu ya ukweli kwa nia ya kuuficha uliobaki. Alifariki mwaka 1937 bila kukiri, na maktaba yake ikanunuliwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza kwa pauni 66,000. Wataalamu waliendelea kukuta humo kurasa zilizong'olewa katika vitabu vya jumba hilo hilo. Na kile kisa cha Pisa? Barua ya Robert ya mwaka 1864, iliyochapishwa baadaye, inaeleza kwamba alizisoma soneti hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1849, wakiwa Bagni di Lucca, na kwamba Elizabeth alizificha kwa sababu alikuwa amemsikia mumewe akiwasema vibaya wanaoyaanika mapenzi yao katika ushairi.

Jambo linalohusiana na hili ni njia ambayo kitabu kimepita, yaani mlolongo wa wamiliki wake. Mtoto wao pekee, aliyejulikana kwa jina la Pen, alifariki mwaka 1912 bila kuacha wosia, na mwaka 1913 mali yote ya wazazi wake, kuanzia samani hadi miswada, iliuzwa kwa mnada jijini London kwa siku sita. Barua za uchumba peke yake zilifikia pauni 6,550, na leo ziko katika Chuo cha Wellesley nchini Marekani. Vitu vingine vilitawanyika kila upande, ingawa sehemu kubwa imekusanywa tena katika Maktaba ya Armstrong Browning ya Chuo Kikuu cha Baylor, Texas. Kwa kuwa orodha ya mnada huo ipo, nakala inayodaiwa kutoka nyumbani kwao inaweza kufuatiliwa mpaka siku na namba iliyouziwa. Muuzaji anayetaja asili kubwa bila kuweza kuonyesha hata kiungo kimoja cha mlolongo huo anauza hadithi, na hadithi, kama Gosse alivyothibitisha, zaweza kuwa tamu kuliko kitabu.

Yapo madai machache yanayosikika mara kwa mara ambayo yanaweza kujibiwa kwa haraka. Sahihi ya mwandishi huongeza thamani ikiwa ni yake kweli na ikiwa imo katika kitabu kinachotakiwa. Kwa majina makubwa kama haya sahihi huhitaji ushahidi kuliko hata kitabu. Juzuu moja ya kitabu cha juzuu mbili haina nusu ya bei ya jozi. Mara nyingi haifikii hata robo. Picha ya ukurasa wa jina haitoshi kumnunulisha mtu mwenye akili timamu, hasa siku hizi ambapo kampuni nyingi huchapa kwa agizo nakala za vitabu vya zamani kutokana na picha za maktaba, pamoja na mwaka 1844 au 1857 kama ulivyo katika asili. Ukishika kitabu cha namna hiyo, karatasi nyeupe na mgongo uliogundishwa vitakwambia mapema kuliko tarakimu.

Dai la mwisho, kwamba bandia haina thamani, si la kweli tena. Vijitabu vya Wise sasa husakwa kwa jina lake. Wauzaji waaminifu huviandika wazi kuwa ni ghushi zake, maktaba kubwa huvitunza pamoja na vitabu halisi vya akina Browning, na vingine huuzwa kwa bei inayoshinda ya vitabu vingi halali vya wanandoa hao. Wakati huo huo kipo kijitabu cha kweli ambacho mnunuzi mpya angeweza kukidhania bandia kwa kuwa kina sura ile ile ya wembamba na kurasa chache: Two Poems, cha mwaka 1854, chenye shairi moja la Elizabeth na moja la Robert, kilichochapishwa na Chapman and Hall na kuuzwa kwa peni sita katika soko la hisani la kusaidia watoto maskini wa London, lililoandaliwa na dadake Elizabeth, Arabella. Asili yake inajulikana, aliyekiagiza anajulikana, na majina yote mawili yamo katika ukurasa mmoja wa jina. Anayetaka kuanza kuwakusanya wawili hawa kwa pamoja anaweza kuanzia hapo.